Chubwi Chini ya Dyna-Soar

Mezani kwangu jikoni, kando ya birika la chai, kuna chubwi nne za risasi. Kila moja ina gramu saba. Nilizinunua kwenye duka la vifaa vya uvuvi hapa Columbus, Ohio, na muuzaji akaniuliza naenda kuvua wapi. Nikamwambia siendi kuvua, nazipandisha angani. Alitaka kujua zaidi, nami nikasimama pale kaunta karibu nusu saa nikimweleza. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba jambo hili nimelieleza kwa Kiingereza mara nyingi na sijawahi kuliandika kwa Kiswahili hata siku moja. Basi leo naliandika.

Nimezaliwa Pangani, na chubwi niliijua kabla sijajua kusoma. Mshipi usio na chubwi unachukuliwa na mkondo na chambo kinaishia kwingine kabisa. Ukiufunga uzito mdogo mahali pake, mshipi wote unatii. Kwenye roketi mambo ni hayohayo, ila mkondo wenyewe ni upepo na unakuja kwa kasi kubwa mno.

Najenga roketi ndogo, vielelezo vya vyombo vilivyowahi kuruka au vilivyokaribia kuruka. Mwili ni bomba la karatasi ngumu, mapezi ni ubao mwepesi wa balsa, na injini inanunuliwa dukani: kibomba cha karatasi kilichoshindiliwa baruti, kinachotumika mara moja basi. Utaratibu wa kununua injini iliyotengenezwa tayari ulianzia Marekani katika miaka ya 1950, wakati ambapo vijana wengi walikuwa wakiumia kwa kujishindilia baruti wenyewe. Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk, Nebraska, ndiye aliyebuni roketi ya kwanza ya namna hii mwaka 1954. Injini zinapangwa kwa herufi, na kwa jumla ya msukumo kila herufi inaweza kufika mara mbili ya ile iliyoitangulia: A mwisho wake ni nyutoni-sekunde 2.5, B ni 5, C ni 10, D ni 20. Baruti ya kusukuma ikiisha, inafuata dawa inayoungua taratibu na kutoa moshi tu, huku roketi ikiendelea kupanda kwa mwendo iliokwisha kuupata. Kisha kinatokea kishindo kidogo kinachopiga kuelekea mbele, pua inachomoka, na mwavuli unafunguka.

Wenzangu wengi katika klabu wanapenda roketi kubwa zilizokwenda mwezini. Mimi napenda ndege za majaribio, zile zilizokusudiwa kupanda kama mshale na kurudi kama mwewe. Na katika hizo hakuna ninayoipenda kama Dyna-Soar.

Dyna-Soar, au kwa jina lake rasmi X-20, ulikuwa mradi wa Jeshi la Anga la Marekani, na mjenzi alikuwa Boeing. Rubani mmoja angeketi ndani ya ndege nyeusi yenye mabawa ya pembetatu, urefu wake mita 10.77, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa mita 6.34. Ingepandishwa ikiwa juu ya kichwa cha roketi ya Titan, izunguke dunia, halafu irudi ikinyiririka hewani bila injini mpaka itue uwanjani. Wanaanga wengine wa Marekani wa enzi hizo walikuwa wakishuka baharini kwa mwavuli na kusubiri meli ije iwachukue. Huyu angechagua uwanja wake mwenyewe.

Kila ukisoma habari za ujenzi wake unaona watu waliofikiri mpaka mwisho wa jambo. Mwili ulikuwa wa René 41, aloi ya nikeli inayostahimili joto, na sehemu ambazo zingepata joto kali zaidi, kama kingo za mbele za mabawa, zilikuwa za molibdeni. Matairi ya mpira yasingehimili joto la kurudi, kwa hiyo ingetua kwa kuteleza juu ya vyuma, na vile vya nyuma vilikuwa kama brashi ngumu za nyaya. Vioo vya mbele vilifunikwa na ngao ambayo rubani angeitupa baada ya joto kupita, ndipo aone mbele. Septemba 1962 marubani sita wa kuirusha walitangazwa. Kisha Desemba 10, 1963, Waziri wa Ulinzi Robert McNamara akaufuta mradi. Zaidi ya dola milioni 400 zilikuwa zimeshatumika, na hakuna hata X-20 moja iliyokuwa imekamilika.

Hilo ndilo linalonirudisha mezani kila Jumamosi. Saturn V, ile roketi ya safari za mwezini, unaweza kuitazama kwenye filamu ikipaa. Dyna-Soar haina filamu ya kupaa. Ukitaka kuiona ikiondoka ardhini, lazima uijenge.

Mradi ulibadilishiwa roketi njiani: kwanza Titan I, kisha Titan II, mwisho Titan III yenye mabomba makubwa mawili ubavuni. Nilichagua ya katikati, Titan II, kwa sababu ni bomba moja lililonyooka, kipenyo chake mita 3.05. Bomba la karatasi nililokuwa nalo lina kipenyo cha milimita 41.6. Ukigawanya unapata kama 73, na hicho ndicho kipimo cha kila kitu kwenye kielelezo changu: milimita moja kwangu ni milimita 73 kwao. Ndege ikawa na urefu wa sentimita 14.8 na mabawa ya sentimita 8.7, inakaa kiganjani. Roketi yote pamoja haifiki sentimita 60.

Sasa tatizo. Chukua mshale. Manyoya yako nyuma, chuma kiko mbele, na mshale unakwenda ulikoelekezwa. Uvute upinde baada ya kuhamishia manyoya mbele, uone. Roketi ina sehemu mbili za kuangaliwa. Moja ni kitovu cha uzito, pale unapoweza kuiegemeza juu ya kidole ikatulia. Ya pili naiita kitovu cha upepo, pale ambapo nguvu zote za upepo unaoipiga ubavuni ni kama zimekusanyika. Uzito lazima uwe mbele ya upepo, na kanuni ya wajenzi ni kwamba uwe mbele kwa umbali usiopungua upana mmoja wa bomba. Vikipishana vibaya, kila upepo mdogo unaigeuza roketi badala ya kuinyoosha. Na Dyna-Soar ni mabawa, tena ya pembetatu, yaliyowekwa puani kabisa, mahali pabaya kuliko pote.

Wahandisi walilijua hilo vizuri. Tazama michoro ya Dyna-Soar juu ya Titan II na utaona kule chini mapezi makubwa ambayo Titan II ya kawaida haina. Titan iliyobeba wanaanga wa mradi wa Gemini mwaka 1965 na 1966 haikuwa na mapezi hata kidogo, maana injini zake zenyewe zilikuwa zinageuzwa ili kuinyoosha. Mabawa yakipanda kichwani, kugeuza injini peke yake hakutoshi, ndipo mapezi yanapohitajika.

Mara ya kwanza niliyaamini mapezi hayo moja kwa moja. Niliyapima kwenye mchoro, nikayakata kwa balsa ya milimita tatu, nikayapiga msasa mpaka yakawa laini kama ukucha, nikayagundisha, nikapaka rangi. Sikuongeza uzito wowote mbele. Nilijiambia kwamba waliochora walikuwa wahandisi na mimi nafuata. Nilichosahau ni kwamba wao walikuwa na mapezi pamoja na injini zinazogeuka, na mimi nilikuwa na mapezi tu.

Mwongoza urushaji aliwaomba watu warudi nyuma zaidi ya kawaida, kama inavyotakiwa kwa roketi ambayo haijawahi kuruka. Ilitoka kwenye fimbo ikiwa imenyooka. Ilipofika kama mita kumi ikainama, pua ikaangalia mashamba ya soya, kisha ikajizungusha, moshi ukachora duara hewani, na nguvu ya injini ikiwa bado imejaa ikajipigiza kwenye udongo. Niliokota mapezi matatu. Ndege yenyewe ilikuwa imevunjika katikati ya mgongo, pale pale ambapo rubani angekaa.

Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi, aliishika vipande viwili mikononi akauliza, "Baba, mtu angekuwa ndani?" Nilimwambia ndiyo, angekuwa mmoja. Hakusema kitu mpaka tunafika nyumbani.

Wiki iliyofuata tulikata boksi la biskuti. Kuna njia ya zamani ya kukadiria kitovu cha upepo bila hesabu: unachora kivuli cha roketi nzima ubavuni juu ya kadibodi, unakikata, unakilaza juu ya ukingo wa rula na kukisogeza mpaka kitulie bila kuanguka upande wowote. Pale kinapotulia unaweka alama. Njia hii ni ya tahadhari, inakuambia hali mbaya kuliko ilivyo, na kwa roketi kama hii ndiyo ninayoitaka. Hesabu zipo, mhandisi James Barrowman aliziweka wazi kwa wapenzi wa roketi ndogo katika miaka ya 1960, na leo programu ya kompyuta inakufanyia kwa sekunde moja. Lakini nilitaka mtoto aone kwa macho. Alikata ile kadibodi yeye mwenyewe. Kivuli chenye mabawa puani kikatulia mbele sana, karibu katikati ya bomba. Akakata cha pili bila ndege, Titan tupu, nacho kikatulia huku nyuma karibu na mapezi. Akaviweka viwili sambamba mezani, akapima umbali kati ya alama na alama. Sentimita saba. Mabawa yenye upana wa kiganja yalikuwa yameusogeza upepo sentimita saba.

Baada ya hapo ndipo chubwi zilipoingia. Tulianza na mbili, nikazizamisha kwa gundi ndani ya pua ya ndege. Kisha tukaifunga roketi kamba kwenye kitovu chake cha uzito, nikatoka nayo uani na kuizungusha kichwani kama kombeo. Roketi iliyo sawa inaelekeza pua kunakokwenda na kukaa hivyo. Isiyo sawa inapinda, inarudi kinyumenyume, au inapepesuka. Ya kwetu ilipepesuka kidogo kisha ikanyooka, ikakata hewa kwa sauti ya kuvuma, pua mbele. Tulirusha Jumamosi iliyofuata kwa injini ya D. Ilikwenda juu kama imechorwa kwa rula.

Ikarudi kwa mwavuli, ndege ikiwa imening'inia pua chini, kama kuku aliyechinjwa anayebebwa sokoni.

Watu walipiga makofi, nami nilifurahi, lakini njiani kurudi sikuwa na amani. Ndege hii ilibuniwa ili isirudi hivyo. Kila kitu ndani yake, ngozi ya René 41, ngao ya vioo, brashi za nyaya chini ya tumbo, viliwekwa kwa ajili ya dakika zile za mwisho ambapo inanyiririka na kutua. Kielelezo kinachopaa vizuri na kurudi kama mzigo kimeeleza nusu ya habari.

Huku mawazo hayo yakinisumbua, nilimchukua binti yangu tukaenda Dayton, mwendo wa saa moja na dakika kidogo kutoka kwetu. Huko, ndani ya kambi ya Wright-Patterson, iko Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga la Marekani. Hakuna kiingilio. Nimekwenda mara nyingi na bado napita vitu vingine vyote haraka ili nifike jengo la nne.

Mle imo X-24B. Mama yangu alikuwa na pasi ya mkaa ya chuma, na nilipoiona X-24B mara ya kwanza nilidhani naiona ile pasi, ila ina urefu wa zaidi ya mita 11: chini bapa, mbele kumechongoka, mgongo umepanda juu. Waliofanya kazi nayo nao waliiita pasi inayoruka. Haina mabawa ya kutajwa. Mwili wenyewe ndio unaobebwa na hewa. Sura yake ilitokana na kazi ya wahandisi wa maabara ya mienendo ya ndege iliyokuwa hapohapo Wright-Patterson, na ndani yake umo mwili wa ndege iliyoitangulia, X-24A, uliofunikwa ganda jipya. Ndiyo maana chombo kinachosimama karibu nayo kwa sura ya X-24A si X-24A. Ni SV-5J, ndugu yake ambaye hakuwahi kuruka, aliyebadilishwa ili afanane naye. Agosti 5, 1975, rubani John Manke aliishusha X-24B, injini ikiwa imezimika, juu ya njia ya zege kule Edwards, California. Kabla ya hapo ndege za namna hii zilikuwa zinatua kwenye ziwa lililokauka, mahali penye nafasi ya kukosea. Zege lina upana wake, na nje ya upana huo hakuna msamaha. Waliokuwa wakitengeneza Space Shuttle walipata jibu lao: chombo kinachorudi kutoka angani hakihitaji injini ili kutua mahali palipokusudiwa.

Lakini siku ile nilichokwenda kukitazama ni kitu kidogo kuliko X-24B, ambacho wageni wengi hupita bila kusimama. Kinaitwa ASSET. Ni kielelezo. Kati ya 1963 na 1965 vyombo sita vya aina hii vilirushwa kutoka Cape Canaveral, sura yake ikifuata pua ya Dyna-Soar, ili kupima kama chuma kile kingestahimili joto lile. Kimoja tu kiliokolewa baharini, nacho ndicho kiko Dayton. Chuma chake kimebadilika rangi. Unapokitazama unaona kitu kilichokwenda kule ambako X-20 yenyewe haikufika, na kikarudi.

Nilikaa mbele yake muda mrefu, na pale ndipo nilipoelewa jambo ambalo nimekuwa nikilijua vipandevipande. Ndege hizi zote zimezaliwa na vielelezo. Watu hunieleza kwa wema kwamba ninachofanya ni kuiga kitu kikubwa kwa kitu kidogo. Historia inakwenda upande wa pili. Kidogo kilitangulia.

Mtazame Dale Reed, mhandisi wa NASA kule Edwards. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa anaamini kwamba chombo chenye umbo la nusu koni, kisicho na mabawa, kinaweza kuruka na kutua. Hakuanza na bajeti. Alianza na karatasi aliyoikunja, akairusha ndani. Kisha akajenga kielelezo cha balsa, akakivuta hewani kwa ndege ndogo ya kuchezea yenye injini, mke wake akapiga picha za filamu za milimita 8. Filamu hiyo ndiyo aliyowaonyesha wakubwa wake, na mkurugenzi Paul Bikle akakubali. Ganda la mbao la chombo chenyewe, kilichoitwa M2-F1, lilitengenezwa na fundi wa ndege zisizo na injini, Gus Briegleb, na gharama yote ilikuwa kama dola 30,000. Waliivuta kwa gari la Pontiac juu ya ziwa kavu. Agosti 16, 1963, Milt Thompson alivutwa nayo hewani na ndege ya C-47, akajiachia, akatua salama. Thompson huyo alikuwa rubani wa NASA katika mradi wa Dyna-Soar. Miezi minne baadaye Dyna-Soar ikafutwa, na kile kitu kilichoanza kama karatasi iliyokunjwa kikaendelea.

Au tazama upande wa Wasovieti. Juni 3, 1982 walirusha BOR-4, ambayo ilikuwa kielelezo cha nusu ya ukubwa wa ndege yao ya anga iliyoitwa Spiral. Ilizunguka dunia kidogo zaidi ya mara moja ikashuka Bahari ya Hindi, bahari ileile ninayoijua mimi, ila mbali sana mashariki, kusini ya visiwa vya Cocos. Meli za Kisovieti zikaenda kuichukua, na ndege ya doria ya Australia ikapita juu ikipiga picha. Picha zile zilifika kituo cha NASA cha Langley. Wahandisi wakakaa nazo, wakajenga kielelezo chao kutokana na picha za kielelezo cha wengine, wakakiweka kwenye handaki la upepo, wakakuta kimetulia vizuri kuliko walivyotarajia. Kutokana na hicho ukatoka muundo wa NASA wa ndege ya anga, HL-20, na kutokana na HL-20 ikatoka ndege ya anga iitwayo Dream Chaser. Kielelezo cha kielelezo, na mwisho wake chombo.

Kwa hiyo nilirudi Columbus nimeamua: Dyna-Soar yangu itaachana na Titan juu kule na kurudi kwa mabawa yake.

Hapo chubwi zikawa adui. Ndege ya kunyiririka inataka kuwa nyepesi, na uzito wake ukae mahali maalumu, si puani kabisa. Ile yenye chubwi mbili puani niliitupa kwa mkono kutoka ngazi za nje, ikaenda moja kwa moja kwenye majani kama jiwe. Nikitoa chubwi, inanyiririka vizuri, lakini roketi haiwezi kupanda salama. Safari moja, na mahitaji mawili yanayogombana. Wiki nzima nilifanya kazi ya usiku ghalani nikilifikiria hilo, mikono inapanga maboksi, kichwa kiko kwenye mabawa.

Jibu lilikuwa kwenye mchoro niliokuwa nao siku zote. Kati ya Dyna-Soar na roketi yake kulikuwa na shingo, kipande kinachounganisha, na ndani ya shingo hiyo waliweka roketi ndogo ya kuokolea. Titan ikipata hitilafu, roketi hiyo ingemtupa rubani mbali na moto, kisha angejitafutia namna ya kutua. Nikaondoa uzito puani nikaupeleka shingoni. Shingo inabaki na Titan. Ndege inaondoka ikiwa nyepesi. Kwa kuwa shingo iko nyuma kidogo kuliko pua, chubwi mbili hazikutosha tena, kama vile mtoto anayesogea katikati ya pembea ya ubao anavyolazimika kuwa mzito zaidi ili ainue upande wa pili. Zikawa nne. Mahali ambapo wao waliweka kitu cha kumwokoa rubani ndipo mimi nilipoweka risasi za kuvulia, na kazi yake ni ileile.

Nani angetua baada ya kutupwa na roketi ile, na vipi? Swali hilo lilifanyiwa kazi na Neil Armstrong, mtoto wa Wapakoneta, mji mdogo wa hapahapa Ohio. Kabla ya mambo ya mwezi, alikuwa mmoja wa marubani washauri wa Dyna-Soar. Alichukua ndege ya F5D, ambayo mabawa yake yaliweza kuiga tabia za X-20, akaipandisha wima mpaka kama mita 2,000, akaigeuza, akaishusha kwenye uwanja aliouchora juu ya ziwa kavu kuiga ule wa Cape Canaveral. Akaonyesha kwamba inawezekana. F5D moja imewekwa nje ya makumbusho yenye jina lake pale Wapakoneta, na sisi hupita kuisalimia tukiwa njiani kwenda kaskazini.

Ndege ya tatu niliijenga kwa balsa nyembamba, gramu tisa tu pamoja na rangi. Inakaa juu ya shingo kwa kijiti kimoja kisichobana. Watu huuliza kwa nini haidondoki njiani. Injini ikisukuma, roketi inaibana kutoka chini. Injini ikizima, upepo unaibana kutoka juu, maana ndege ni nyepesi na Titan ni nzito. Inaachia pale tu mwendo unapokwisha na kishindo cha mwavuli kinapoisukuma shingo. Kingo za nyuma za mabawa nilizigundishia vipande vya kadi, nikavipinda juu kidogo, kiasi cha unene wa sarafu. Bila hivyo pua inaanguka. Vikizidi, inapanda, inasita, inadondoka, inapanda tena. Binti yangu alikuwa anasimama chini uani na daftari, anaandika kila mtupo: umbali, ilikopinda, ilikotua. Mitupo arobaini na mbili. Mtupo wa thelathini na nane ndiyo wa kwanza kutua kwa tumbo.

Tulirusha Jumamosi moja ya Septemba, soya zikiwa zimeanza kuwa njano. Upepo ulikuwa mdogo, umande bado uko kwenye majani. Binti yangu ndiye anayehesabu, na anahesabu kwa Kiswahili, na siku hizi wanaklabu wengine huitikia naye: tano, nne, tatu, mbili, moja. Nilibonyeza. Ilitoka kwa mlio ule wa D, wa kupasua kitambaa, moshi ukanyooka, na nilihesabu kimoyomoyo sekunde tatu za ukimya baada ya injini kuzima. Kishindo. Mwavuli mwekundu ukafunguka, Titan ikaanza kushuka taratibu na shingo yake. Pembeni yake palikuwa na kitone cheusi kinachodondoka pua chini.

Kikadondoka, kikadondoka. Kisha jua likapiga tumbo lake na nikaliona likigeuka. Pua ilikuwa imeinuka.

Ilichora duara moja pana juu ya magari, ikainama kidogo kushoto, ikachora la pili dogo zaidi. Hakuna aliyesema neno. Ilipita juu ya vichwa vyetu kimya kabisa, chini kiasi cha kuona mstari mweupe niliouchora kwenye kingo za mabawa, ikaingia kwenye ukanda wa majani yaliyokatwa kando ya soya. Saa yangu ilionyesha sekunde 31.

Nilianza kukimbia. Binti yangu alinipita, akafika kwanza, akapiga magoti.

"Baba, usiishike kwanza!"

Akatoa rula mfukoni. Kwenye umande, nyuma ya ndege, kulikuwa na alama ndefu nyembamba, pale ambapo majani yalikuwa yamelazwa na matone yamefutika. Aliipima akisogeza rula kidogokidogo, mdomo ukihesabu, kutoka pale tumbo lilipogusa mpaka pale ndege iliposimama. Sentimita mia moja na hamsini na mbili. Akaandika kwenye daftari, chini ya mtupo wa arobaini na mbili, akapiga mstari, na kwenye nafasi ya aina ya kutua akaandika: uwanjani.